Pima Kilichobaki

Siku ya kwanza niliwaambia: fungeni madaftari.
Jiko letu hapa Makorora lina mizani moja
inayodanganya kwa gramu tatu,
na oveni yenye upande mmoja wa hasira.
Jueni kwanza uongo wa vyombo vyenu,
ndipo mje kwenye unga.

Semkiwa alileta unga wa mhogo kutoka kwao Kirare.
Mwanakombo, maganda ya machungwa ya Muheza
yaliyokaukia juu ya bati la shangazi yake.
Nazi tulikuna wenyewe, kwa zamu,
mbuzi moja, makalio kumi na manne.

Biskuti namba moja ilivunjika kabla ya kufika mdomoni.
Namba mbili iligoma kuvunjika:
Shekue aliigonga mezani mara tatu,
akasema, "Hodi."
Namba nne tuliipenda sote,
na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Tukaenda nayo soko la Mgandini, sinia kichwani,
na karatasi yenye nyuso tatu za kuwekea alama:
uliocheka, ulionuna, na ule usiojua.
Lakini watu wa Tanga wana adabu.
Wanaonja, wanasema mashaallah,
wanakuombea mikono yako isichoke.
Karatasi ikarudi imejaa vicheko
na wanafunzi wangu wakarudi warefu kuliko walivyoondoka.

Nikauliza: sinia liko wapi?
Nikamwaga mezani vipande vilivyoachwa,
vilivyosukumwa chini ya karatasi,
kimoja na alama ya jino,
kimeonjwa, kikaogopwa.
Tukapima. Gramu mia nne na kumi na mbili,
toa tatu za uongo, ukipenda.
Mdomo una adabu, nikasema, sinia halina.
Andikeni kilichobaki.

Mwanakombo alikasirika. Ganda lilikuwa lake,
na uchungu wa ganda ndio uliojaa mezani.
Akalichemsha, akamwaga maji,
akalichemsha tena, akamwaga,
mara ya tatu akaonja, akanyamaza.
Kunyamaza kule sikumfundisha mimi.

Kisha ikaja hesabu.
Shekue, aliyetaka kuuza kwa shilingi mia,
alikokotoa sukari, umeme, karatasi ya kufungia,
mpaka chaki ikamwishia vidoleni:
kila biskuti inatugharimu mia na ishirini na tano.
"Basi tuuze nyingi," akasema, "tufidie kwa wingi."
Darasa likacheka.
Mimi sikucheka.
Baba yangu alifunga duka kwa hesabu hiyo hiyo.

Pakiti tano tuliziacha rafuni, zisiguswe.
Hewa ya huku haina haraka, ina unyevu tu.
Siku ya sita zililegea kama udhuru wa mdeni.
Siku ya tisa ukungu ulichomoza kwenye pakiti ya tatu
na Semkiwa akaandika tarehe na saa,
kwa mwandiko mzuri,
kama anayeandikisha mtoto aliyezaliwa.

Namba kumi na moja tuliitolea meza nje ya geti.
Bei: mia mbili.
Jumatatu mtoto mmoja, shati la shule lenye kifungo kimoja,
alinunua moja, akaenda akiilamba pembeni.
Jumatano akarudi,
sarafu imelowa jasho la kiganja.
"Nataka ile ya juzi."

Ile ya juzi.
Usiku wake tulikuwa tumeiboresha:
nazi pungufu, chungwa zaidi,
ikawa namba kumi na mbili,
na kumi na moja haikuwepo hata punje.
Tukampa kipande cha bure.
Akatafuna. Akatikisa kichwa.
Akaikunjia sarafu yake ngumi, akavuka barabara,
bila mashaallah, bila dua.

Hakuna aliyenitazama.
Mwanakombo alifungua daftari,
akarudisha nyuma ukurasa mmoja,
na Semkiwa akaenda kuwasha oveni,
akaanzia ule upande wa hasira.